Historia ya Mama Mvuke, Kitukuu wa Nyumba Iliyoitwa Jiko

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliotoka mbali na viatu bado vina vumbi la safari, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba masikio yenu kwa muda, maana historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, inaanza kabla marehemu hajazaliwa, na hivyo ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mvuke kwa sababu ya zile sufuria kubwa za hospitali, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa tatu wa seremala na mke wake mshonaji, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na uwanja wa mbao, akakulia kwenye harufu ya vumbi la msumeno na kelele za cherehani. Alianza shule mwaka 1951, akamaliza darasa la nane mwaka 1958 akiwa wa pili katika darasa zima, lakini ikaamuliwa kwamba kaka zake wasome kwanza, yeye angefuata baadaye, na hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Mwenyewe hakulilia jambo hilo, sisi wajukuu zake wa kike ndio tunaolililia kwa niaba yake, tena kwa sauti.

Tarehe 2 Mei 1962 aliajiriwa kuwa msaidizi wa jikoni katika hospitali, mwaka 1979 akawa mpishi mkuu, na hapo alidumu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1998, akijua kwa kunusa tu kama sufuria imeshika chini, akijua mgonjwa wa kitanda gani hali chakula na kwa nini. Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na tarishi wa posta, mtu mpole aliyependa kusema kwamba yeye anasambaza barua na mke wake anasambaza habari zenyewe, wakajaliwa watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu, na tarishi huyo akatangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingine hupita haraka, sisi hatutapita.

Ukoo huu una nyumba mbili, nyumba kubwa na nyumba ya jikoni, na marehemu alikuwa wa jikoni. Hakuna aliyeeleza jina hilo lilitoka wapi, lilikuwepo tu kama vile mlango ulivyopo, watu wa nyumba kubwa wakikaa mbele kwenye shughuli na watu wa jikoni wakielekezwa nyuma, "Ninyi ndio wenye kazi yenu, sufuria zile pale." Marehemu alipoajiriwa hospitalini, wifi mmoja wa nyumba kubwa alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Jikoni wametoka, jikoni wamerudi, serikali imewaona."

Hayo yote aliyameza. Ila mwaka 1976, baba yake seremala alipofariki, msomaji kutoka nyumba kubwa alisimama mbele ya umati kama huu, akafungua karatasi, akasoma kwamba seremala alikuwa mjukuu wa mfua chuma mwenye ukoo, aliyezaa na mtumishi wake wa jikoni. Akaendelea kusoma tarehe ya shule kana kwamba hajasema kitu. Marehemu wetu, akiwa na mtoto mgongoni, aliuma ulimi hadi mwisho, na jioni ile alimwambia mumewe tarishi, "Mimi nikifa, wasinisomee uongo." Kuanzia hapo, kazi ya maisha yake ikawa kumtafuta mama wa babu yake, mwanamke aliyefariki zamani bila picha wala kaburi lenye alama, na kujua alikuwa nani hasa katika nyumba ile.

Kwa miaka mingi hakupata chochote, wazee aliowauliza walimwambia afikirie ya mbele, wengine walimpa chai wakabadilisha mazungumzo. Mlango ulifunguka mwaka 1994, pale mkuu wa nyumba kubwa, ambaye sote tunamwita Bwana Ramani kwa kuwa hatembei bila michoro ya ujenzi kwapani, alipoamua kuibomoa ile nyumba ndogo ya udongo iliyosimama nyuma ya nyumba ya babu, jiko lenyewe lililotupa jina, ili ajenge vyumba vya kupangisha. Alimtumia marehemu ujumbe kwamba aje achukue vyombo vya kwao.

Marehemu alifika, akaingia, na badala ya kuchukua vyombo akasimama katikati akiangalia juu. Yeye ambaye maisha yake yote alifanya kazi ndani ya moshi aliona kitu kisichokaa sawa, nyumba ile haikuwa na njia ya moshi, kuta zilifika hadi kwenye paa, na tundu lililokuwepo lilikuwa limetobolewa vibaya vibaya baadaye, kama mtu aliyekuwa na haraka. Akachukua mfuniko wa sufuria akaanza kukwangua masizi. Bwana Ramani alimkuta hapo, akamwuliza, "Dada, umekuja kuosha nyumba ninayoibomoa?"

"Kaka, nipe mpaka jioni."

"Utapaka na rangi?"

"Rangi imo tayari," akasema marehemu, na kweli ilikuwemo, chini ya masizi kulikuwa na chokaa nyeupe safi, na usawa wa kitanda ulizungushwa mstari wa udongo mwekundu, umechorwa kwa kidole cha mtu asiye na haraka hata kidogo. Nani anapamba jiko hivyo? Hicho kilikuwa chumba cha mke.

Bwana Ramani aliangalia ule mstari, akasema ana mafundi wa kulipa, na kesho yake ukuta ukaanguka.

Lakini siku ileile ya kukwangua marehemu alikwenda moja kwa moja, mikono bado myeusi, hadi kwa shangazi yake wa nyumba kubwa, mwanamke wa miaka sabini aliyelelewa na mke mkubwa wa yule mfua chuma, akamwonyesha viganja, akamwambia, "Shangazi, nimetoka kukwangua jikoni kwetu." Shangazi alivitazama vile viganja, akasema, "Basi kaa, mwanangu. Uliyeniuliza ni wewe peke yako."

Na haya ndiyo aliyosema shangazi, ambayo marehemu aliyathibitisha kwa wazee wengine kwa miaka iliyofuata, akipanda na kushuka kwa mshahara wake, kisha kwa pensheni.

Mfua chuma alizaliwa kama mwaka 1862, akajenga jina kwa majembe yake, akaoa mke wa kwanza, na baadaye kidogo mke wa pili, kila mke na nyumba yake, kila nyumba na chokaa yake. Kisha ikaja serikali ya kigeni, majembe ya kiwandani yakashuka sokoni kwa bei ambayo nyundo yake haikuiweza, na mwaka 1898 ikatangazwa kodi ya nyumba, kila paa linalolaliwa lilipiwe kwa sarafu, na asiye na sarafu akavunje mawe barabarani. Yeye alikuwa na mapaa mawili na sarafu za moja. Mwaka wa kwanza walimchukua, alivunja mawe msimu mzima, akarudi na mguu uliopondeka na kikohozi, na kila aliyemwona alijua kwamba wakimchukua tena hatarudi.

Mwaka uliofuata, karani wa kodi na askari wake walipoonekana wakija, wake zake wawili walikaa kikao cha dakika chache ambacho sisi tunakiheshimu kuliko bunge lolote la siku zile. Jiko halikutozwa kodi. Mke mkubwa alibeba mafiga yake mwenyewe, akayatupa katikati ya chumba cha mwenzake, akawasha kuni mbichi, akatoboa ukuta kwa mchi, na mke mdogo alipoona kuta zake alizozipamba kwa kidole zikigeuka nyeusi akaanza kulia. Mwenzake akamwambia, "Lia tu, mke mwenzangu, tutasingizia moshi." Karani akachungulia, akakohoa, akauliza huyu mwenye mtoto ni nani. Mfua chuma akajibu, "Mtumishi wa jikoni." Yule mtoto, aliyezaliwa mwaka 1896, ndiye babu wa marehemu.

Karani alirudi kila mwaka, na kila mwaka jibu likarudiwa mbele ya watoto wale wale, ambao hakuna aliyewaambia kwamba ni mchezo, kwa sababu mtoto akijua, atasema. Wakakua wakiamini. Wakawafundisha watoto wao. Tuulizane basi, ndugu waombolezaji, karani aliondoka, askari wake waliondoka, bendera yao ilishushwa, ni nani aliyeendelea kuikusanya kodi ile kwa mama mmoja na uzao wake, kila harusi, kila msiba, kwa miaka mia moja? Hatumtaji mtu. Kila mmoja aangalie alikuwa amekaa wapi.

Mwaka 1995 shangazi aliyasema haya mbele ya kikao cha ukoo, waliokubali walikubali, waliokataa walisema bibi kala chumvi nyingi anachanganya, na ukuta wa kuwaonyesha haukuwepo tena.

Tangu mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na moyo, na tarehe 19 Julai mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali ileile aliyoipikia, ambako alionja chakula cha wodi siku ya kwanza akataka kuonana na mpishi. Daktari alimweleza kwa adabu, "Bibi, chumvi nimeipunguza mimi," naye akamjibu, "Basi wewe tibu, usipike." Aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Agosti saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, binti yake mkubwa amemshika mkono.

Juzi, kamati ya mazishi ilipopitia karatasi hii, baadhi ya wazee waliomba sehemu ya kati iondolewe, tuseme tu marehemu alitoka katika ukoo wa mfua chuma, tuishie hapo, amani itawale. Tulijiandaa kubishana, tena tulikuwa na hoja za kutosha hadi asubuhi. Hatukuzihitaji. Bwana Ramani, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na bado ana mchoro kwapani, alisema, "Isomeni kama ilivyo. Chokaa niliiona. Niliogopa kwamba nikisema, nitaambiwa nimejenga juu ya chumba cha mke wa babu, na kweli nimejenga." Tunakushukuru, Babu, kwa sentensi hiyo, ingawa aliyeistahili zaidi hakuisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo kwa uvumilivu wao, wapishi wa hospitali waliokuja leo na aproni zao bila kuombwa, majirani waliolala nasi uani, wastaafu wenzake wa jikoni na wa posta, na shangazi, ambaye alitangulia mwaka 2001, kwa kukaa chini na kueleza alipoulizwa.

Na shukrani za mwisho ni za wake wawili. Nyumba kubwa yote iliyokaa hapa mbele inatoka kwa mtoto wa kiume ambaye mke mkubwa alimzaa mwaka 1901, miaka miwili baada ya moshi ule, kwa mume ambaye alikuwa hai kwa sababu mwanamke mmoja alikubali kuitwa mtumishi. Asingekubali, viti hivi vya mbele vingekuwa vitupu.

Kwa hiyo familia inasoma, na iandikwe hivyo: marehemu alikuwa binti wa seremala, mjukuu wa mtoto wa kwanza wa kiume wa mfua chuma na mke wake halali wa pili.

Tumesoma kweli, Bibi. Sasa lala, utulie.