Chumba cha Mgonjwa Hakikukaguliwa

Walio wa salaam aleikum, salaam aleikum. Walio wa habari, habari zenu nyote. Mwenyekiti amenipa nafasi niwaeleze jinsi nilivyonunua nyumba, kwa sababu wengi wenu mnataka kununua mwaka huu. Ameniomba pia nisikasirike. Nimemwambia nitajaribu.

Sitataja jina la mtu. Isiolo yetu ni ndogo, na wengine mtamjua ninayemsema kabla sijafika katikati. Mkimjua, nyamazeni.

Mnanijua kwa cherehani yangu. Mume wangu alikufa kwa ajali ya lori, akaniacha na wasichana wawili. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Bulla Pesa, na mwenye ploti, akikasirika, alikuwa anafunga choo kwa kufuli. Ndugu zangu, nawaambia, ukishafungiwa choo na mtu mzima mwenzako, utatafuta nyumba yako hata iwe ya matope.

Nikaipata. Ilikuwa miaka ya sabini inaisha, wakati wa kiangazi kirefu. Nyumba ya vyumba vitatu, mlango wa bluu, sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu ikang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Mwenye kuiuza alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kuheshimika, mwenye maneno matamu. Siku ya kwanza tu alinipikia chai ya maziwa.

Shemeji yangu akaniambia, "Shemeji, usinunue rangi. Tafuta fundi aikague kwanza, juu na chini." Alisema kweli kabisa. Mimi nikafanya nini? Nikaenda kumwambia muuzaji!

"Mama, usihangaike," akanijibu. "Niko na fundi wangu. Huyo anakagua hata nyumba za wakubwa."

Mmesikia? Fundi wangu. Alisema waziwazi, nikasikia kwa masikio yangu haya mawili, na nikamshukuru.

Fundi akaja na tai shingoni, penseli sikioni, na futi ya kupimia. Akapima sebule urefu na upana, kana kwamba sebule ingetoroka. Akagonga ukuta wa mbele. Akaangalia mabati akiwa amesimama nje, mkono juu ya macho. Kila kitu akaandika. Tulipofika chumba cha tatu, muuzaji akasimama mlangoni, akashusha sauti.

"Humu amelala mama yangu. Anaumwa, wiki ya pili sasa."

Nikachungulia kwenye pazia. Nikaona mama mzee amejifunika blanketi mpaka kichwani, amegeukia upande wa ukuta. Kitanda chake kilikuwa katikati ya chumba. Sikujiuliza ni nani anaweka kitanda katikati ya chumba.

Sasa niambieni ninyi. Nani hapa angeingia kugonga sakafu chini ya kitanda cha mama wa watu, mgonjwa? Mborana hakulelewa hivyo. Msomali hakulelewa hivyo, wala Mturkana, wala sisi Wameru. Nilisema pole mama, Mungu akuponye. Kesho yake nikampelekea maziwa! Na yule fundi, bila kuingiza hata pua, akaandika mbele yangu: chumba cha tatu, sawa.

Nikalipa, tukahamia. Chumba hicho cha tatu nikawapa watoto, kwa sababu kilikuwa na hewa nzuri.

Mvua zikaja. Siku moja mchana nilikuwa nimekaa mbele nashona sare za shule, na msichana wangu wa kwanza alikuwa huko nyuma, chumba cha tatu, anazikunja. Nikasikia kishindo, kama mtu ameangusha gunia. Nikaita, nikakimbilia huko. Nilipoingia nikamwona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Mikono yake ilikuwa imetandazwa juu ya ile simiti nyekundu, na mwili wote mwingine uko chini.

"Mama usikuje," akaniambia. "Inavunjika."

Harufu ndiyo iliyoniambia mahali tulipo. Ni choo, ndugu zangu. Walikuwa wameongeza chumba juu ya shimo la choo la zamani. Halikujazwa hata jiwe moja. Waliweka fito juu, wakamwaga simiti nyembamba kama chapati, wakapaka rangi. Mchwa walikula fito na mvua ikamaliza kazi. Na mimi mzazi ndiye niliyewatandikia watoto wangu kitanda pale juu.

Nilipiga mayowe. Jirani yangu, mama wa Kisomali, akaja mbio na wanawe. Yeye hakupiga kelele. Aling'oa mlango wa bluu pamoja na bawaba zake, akaulaza sakafuni, akalala juu yake kwa tumbo, na akamfunga mtoto leso kwapani. Tukavuta. Mtoto akatoka na mguu umevunjika, lakini akatoka hai.

Kesho yake akapita mzee mmoja wa kijiji cha Burat. Kazi yake ni kuchimba vyoo. Akainama akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mama, hii shimo nilichimba mimi. Zamani, kabla waongeze hii chumba. Iko ndefu sana."

"Mzee, ulijua na hukuniambia?"

"Mama, wewe uliniuliza?"

Mzee huyo alikuwa akipita mbele ya cherehani yangu kila asubuhi na sululu begani, tunasalimiana. Mashimo yote ya mtaa huu anayajua. Angeniambia bure kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimetafutiwa mtu wa tai.

Nikamwendea muuzaji. Mnajua alinijibu nini? "Mama, si fundi wako alikagua?" Yaani siku ya kuuza alikuwa fundi wake, siku ya shimo akawa wangu! Na fundi mwenyewe, nilipomkamata sokoni, akasema yeye haingii chumba cha mgonjwa kwa sababu ana heshima. Heshima! Walichukua adabu niliyofundishwa na mama yangu, wakafunikia shimo. Wizi wa pesa naujua, nimeibiwa mara nyingi. Huu ulinichoma zaidi.

Wazee wa mtaa wakatuita. Muuzaji akaja amevaa vizuri, na mama yake nyuma, aonekane mtu wa familia. Wakaniambia nieleze. Nilisimama, nikalia tu kwa hasira kama mtoto. Muuzaji akaanza kutabasamu. Nikajua nimeshindwa.

Ndipo yule mama mzee akainuka. Hakuwa ameulizwa.

"Mimi sikuwa mgonjwa," akasema.

Wazee wakamwambia aendelee.

"Kijana yangu aliniambia nilale. Mnunuzi wa kwanza akakuja, nikalala. Wa pili, nikalala. Aliniambia ni ufa kidogo tu, watu wasione. Huyu mama akaniletea maziwa. Nilikunywa maziwa ya mtu nikimdanganya." Akamgeukia mwanawe. "Tengeneza sakafu ya watoto ya watu. Kabla hujatengeneza, usiniite mama."

Ndugu zangu, mtu mzima yule aliangalia viatu vyake. Akaleta mawe, mchanga na simiti, na yule mzee wa Burat akasimamia shimo likijazwa mpaka juu. Akikuta jiwe limewekwa vibaya, anaamuru litolewe. Wiki zote hizo watoto wangu walilala kwa jirani. Fundi wa tai alihama mji. Nasikia anakagua nyumba kwingine, na Mungu awalinde watu wa huko.

Namshukuru jirani yangu, ambaye mpaka leo hataki nilitaje jambo hilo. Namshukuru mzee wa sululu, na shemeji aliyesema kweli nikaisikia nusu. Namshukuru na yule mama mzee, Mungu amrehemu. Si rahisi kumwaibisha mtoto uliyemzaa mbele ya watu ili kumtetea mtoto wa mwingine.

Kwenu nasema hivi. Fundi wa kukagua mtafute mwenyewe, asiyejuana na muuzaji hata kwa chai. Ulizeni majirani, ulizeni wachimba vyoo, na mwende tena mvua ikinyesha. Mkiambiwa chumba fulani kina mgonjwa, mpeni pole ya kweli, mrudi nyumbani, mngoje apone. Asipopona, mngoje. Hakuna nyumba ya kununuliwa chumba kimoja kikiwa kimefungwa.

Mwenyekiti ananitazama, namaliza. Watu huniuliza kama nimesamehe. Nyumba nimesamehe. Lakini yule msichana wangu sasa ameolewa, ana mtoto wake, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu, hata kanisani, anaweka mguu mmoja kwanza, anabonyeza, ndipo anaingiza wa pili. Juzi nimemwona mjukuu wangu, hata kusema hajui vizuri, naye anabonyeza. Hilo sijasamehe, na leo msiniombee nisamehe. Nendeni mkakague nyumba.