Mzee Fulgence Massamba na Wimbo wa Nzuzi

Mzee Fulgence Massamba aliagiza kwamba wasifu wake usomwe na mpwa wake, wala si mmoja wa wanawe, kwa sababu wanawe wangeficha kosa lake. Basi hapa halifichwi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 karibu na Boko, mtoto wa nne wa Mzee Antoine Massamba, mgema, na Mama Cécile Nkenge. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1953, kisha akaja Brazzaville kusomea ukarani. Mwalimu wake mmoja aliandika kwamba kijana huyu ana masikio makubwa na subira ndogo, na hakukosea.

Aliajiriwa posta mwaka 1958. Mwaka 1965 alihamia redio, akapewa kipindi cha Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alipiga wimbo mmoja wa mapenzi, kisha akafafanua mtunzi alikuwa anamwimbia nani na kwa nini. Mtaa wote wa Bacongo ulinyamaza. Watu waliacha kisamvu kipoe ili wamsikilize Massamba.

Tarehe 6 Agosti 1966 alimwoa Mama Joséphine Loubelo. Wakati wa uchumba alimfafanulia nyimbo tatu kwa mkupuo. Mama Joséphine akamwuliza, "Na wa kwako uko wapi? Naona unatembea na mapenzi ya watu tu." Mungu aliwajalia watoto watano.

Jumapili tarehe 18 Juni 1972 alipiga wimbo wa mwimbaji Zédéo, ambao mji mzima ulikuwa unaucheza. Zédéo aliimba: "Nzuzi, ulikwenda kuokota kuni, moto umezimika, upande wako wa mkeka umepoa." Marehemu akatamka redioni kwamba kuni hizo ni kisingizio cha mke wa mtu anayetoroka kwenda kwa mpenzi wake, na kwamba Nzuzi mwenyewe anauza mikate ya muhogo katika soko la Bacongo, ambako Zédéo hununua kila siku. Muuza mikate mwenye jina hilo alikuwa mmoja tu pale sokoni, Mama Philomène Nzuzi, mke wa fundi cherehani Auguste. Kabla jua halijazama, Auguste alikuwa amekwisha kumrudisha mkewe kwa wajomba zake, yeye na binti zake watatu.

Jumatatu asubuhi Mama Philomène alikuwa mlangoni pa redio.

"Baba Massamba, ulikuwa chini ya kitanda changu?"

"Mama, mimi nimesoma wimbo tu."

"Umesoma? Haya, twende ukausome kwa wenyewe."

Zédéo alikuwa safarini na bendi, kwa hiyo Mama Philomène alimpeleka marehemu kwa mama yake Zédéo, Mama Mafouta, kule mtaa wa Makélékélé. Bibi huyo aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Zédéo ni jina la jukwaani. Mimi nilimzaa Nsimba, na nyuma yake akaja Nzuzi, pacha wake. Surua ilimchukua Nzuzi wana miaka tisa. Walikuwa wanalala mkeka mmoja."

Marehemu alijikaza, akauliza kwa nini basi mtu aimbe hivyo badala ya kulia.

"Wewe si mtoto wa Boko? Pacha analiliwa? Ukimlilia, anamwita mwenzake amfuate. Tunasema amekwenda kuokota kuni. Mwanangu hakuruhusiwa kulia hata siku moja, ndiyo akatunga."

Marehemu aliijua mila hiyo tangu utotoni. Ila alikuwa amezoea kusikia mwanamke katika kila wimbo, hata akasahau kwamba watu huwapenda na ndugu zao pia. Aliona aibu, na aibu hiyo hakuiacha imlaze chali. Kwa idhini ya Mama Mafouta, Jumapili iliyofuata alikiri redioni. Watu walicheka, wakasema Auguste kamtisha. Uongo ulikuwa mtamu zaidi.

Hapo ndipo mjomba wetu alipoacha kipindi. Alirudi posta, akanunua gramafoni ya betri, na kila Jumapili baada ya misa alishika mtaa mmoja. Alipiga wimbo ule uani kwa watu, akasema, "Nilimsingizia Mama Philomène. Nisikilizeni tena." Wengine walimpa kiti, wengine walimfungulia mbwa. Mama Joséphine alilalamika juu ya viatu vilivyokwisha, na kila mara alimnunulia vingine.

Mwaka 1974 Auguste alikuja kuomba radhi. Mama Philomène akamjibu, "Ulisikiliza redio, mimi hukunisikiliza. Nenda kaoe redio." Akalea binti zake kwa meza yake ya mikate, na wote watatu wamesoma.

Mwaka 2009 kisukari kilimkata marehemu mguu wa kushoto. Akaendelea kwa kiti cha magurudumu, mkewe akisukuma. Januari mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa. Mama Philomène alikuja kumwona.

"Philomène," akamwuliza, "umenisamehe?"

"Nilikusamehe mwaka ule ule wa sabini na mbili."

"Miaka arobaini na zaidi, na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kutembea. Na mitaa ilikuwa bado mingi."

Mjomba wetu alicheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki siku mbili baadaye, Alhamisi tarehe 6 Februari 2014, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, Mama Joséphine Loubelo. Watoto watano, wajukuu kumi na wanne na vitukuu wawili. Ameacha pia mtu mmoja ambaye si wa ukoo wetu, na ambaye ameomba jina lake lisomwe mbele ya kaburi hili, kwa sauti, lote: Mama Philomène Nzuzi, mwanamke asiye na doa.

Mungu ampe mjomba wetu pumziko.