Supu ya Maganda ya Njegere: Maisha ya Mama Onja, 1951–2023

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mama Onja kwa sababu hakuna aliyetoka jikoni kwake bila kushikishwa kijiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya shule ya bweni. Mama yake alikuwa mpishi wa shule hiyo. Mwaka mmoja wa njaa, mama huyo aliokota maganda ya njegere yaliyotupwa nje ya jiko, akawapikia supu binti yake huyu na kaka yake mkubwa. Mama huyo hakuwahi kumwambia mtu alivyoipika.

Alisoma shule ya msingi jirani na hapo, akahitimu chuo cha upishi mwaka 1971, kisha akaajiriwa hospitalini. Alistaafu mwaka 2006 akiwa mpishi mkuu wa jiko la wagonjwa. Alikuwa mtu wa roho juu. Hata likizoni alipiga simu kuuliza kama uji wa wodi ya watoto umechujwa.

Mwaka 1975 aliolewa na fundi cherehani aliyeshona aproni za jikoni. Siku ya kwanza kumpikia, mchumba alisifu chakula mpaka akaishiwa maneno.

"Mbona sifa nyingi hivyo? Kuna nini?"

"Chumvi, mpenzi. Imezidi kidogo."

"Kidogo?"

"Nimemaliza jagi la maji."

Tangu hapo hakuamini sifa. Alipostaafu na kuanzisha na majirani chama cha wapenda historia ya chakula, kinachokutana katika ukumbi nyuma ya maktaba, aliweka kanuni moja. Chakula kilichosahaulika kikipikwa upya, anayekionja ni mtu aliyekila utotoni. Akisifu, wamekosea, hiyo ni adabu tu. Akinyamaza, kijiko kikabaki hewani, wamepatia. Hapo ndipo mapishi huandikwa.

Mwaka jana aliugua saratani ya koo, na dawa zikamwondolea ladha yote mdomoni. Wasiwasi ukamkaba kuliko ugonjwa wenyewe. Supu ya mama yake ilikuwa haijapatikana, na wa kuionja alikuwa amebaki mmoja tu: kaka yake, mtu wa kusifu hata maji ya bomba. Chama kilipika, kikapika tena.

"Eeh, tamu hii! Niongezeeni!" kaka alisema kila mara.

"Mwageni," alijibu kutoka kitandani. "Kaka, usinidanganye. Mimi naondoka."

"Uondoke uende wapi na miguu hiyo? Hebu lala."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, katibu wa chama, ambaye ni msusi, alileta sufuria nyingine chumbani kwake. Safari hii maganda yalikuwa yamekaushwa juani kabla ya kuchemshwa. Kaka alionja. Hakusema neno. Alikuwa akimtazama dada yake, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Vipi, kaka?"

Kijiko kilikuwa bado hewani.

"Ni supu, au ni mimi?"

Kaka alimshika mkono tu. Mama Onja alifariki saa nane mchana, kabla hajajibiwa.

Juzi katibu alijikaza akamwuliza kaka, mzee wetu, kama ile ndiyo supu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nilikuwa namwangalia yeye. Sijui hata nilichomeza."

Kwa hiyo mapishi hayo hayajaandikwa. Chama kimekubaliana kuipika tena msimu wa njegere ukirudi, na kumwacha kaka ale peke yake chumbani, mlango umefungwa. Mzee ana miaka sabini na sita na moyo wake una matatizo. Mtamwona leo mstari wa mbele. Mpeni pole, lakini tafadhali, habari za supu msimwulize.

Mama Onja, ambaye mumewe alimtangulia mwaka 2014, ameacha kaka huyo, mabinti wawili, wajukuu watano, na wanachama wenzake ambao bado hawajui kama walipatia.

Mungu ampe pumziko, na amjibu alichouliza.