Mwanangu, Usinizike

Sogeeni wanangu, kaeni karibu na kitanda, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kurudia neno. Arafa, waambie wanaotwanga uani wapumzike kidogo, kisha urudi. Halfani, mtoto wa kaka yangu, wewe kaa pale miguuni, kwa kuwa wewe ndiye shahidi wangu na ndiye msimamizi wa nitakavyoviacha. Amiri, mwanangu wa kwanza, kaa hapa ninapoweza kuuona uso wako. Na huyu aliyeketi kizingitini na fimbo yake, mnayemtazama kwa pembe ya jicho mkijiuliza Mgogo Mkristo wa Haneti anatafuta nini kwenye wosia wa Mwislamu, ni Methusela, nimemwita mimi, na kabla jua halijapinduka mtajua nimemwitia nini.

Nianze na mali, kwa sababu ndiyo mnayoiogopa kuiuliza. Fungu la kila mmoja wenu Mungu amekwisha kuligawa, mimi sina ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, basi asije mtu akasema baba alininong'oneza hiki au kile. Konde la Makutupora lilimwe na ninyi wenyewe, asipewe mtu asiyejua mtama. Punda msiwauzie wachukuzi wa boma, wanawapakia mpaka wanavunjika migongo. Ngozi zilizobaki ghalani zigeuzwe kabla ya mvua, la sivyo mtaziuzia funza. Madeni yangu Halfani anayajua, na wanaonidai wanajua kwamba anayajua, hayo tuyaache hapo.

Lakini mali siyo iliyonifanya niwaite. Nimewaita kwa sababu ndani ya nyumba hii kuna mtu anayepotea na hakuna anayemwona ila mimi, kwa kuwa njia anayopita mimi nilishaipita. Nisikilizeni vizuri, na yeyote atakayetaka kulia angoje nimalize.

Mnakumbuka kabla reli haijafika hapa, Wadachi walipokuwa bado wanapasua mawe upande wa Kikombo, mshipa wa ngiri ulinikaza nikaanza kutapika uchafu, na mkanibeba kwa machela mpaka kwenye hema la daktari wa kambi. Alininusisha dawa, nikafa kifo kidogo, nikaamka nimeshonwa kama gunia la karanga. Simlaumu mtu yule, alinitoa mautini. Kidonda kikaoza, kikatumbuka, kikashonwa tena, na kwa maumivu yale akanipa vidonge vyeupe, vidogo, akaniambia nimeze vikinizidia. Wallahi vilifanya kazi. Maumivu yalikaa palepale tumboni lakini yakawa kama ya mtu mwingine. Kidonda kilipopona nikaendelea kumeza, kwanza nikisema bado panavuta, halafu nikisema usingizi haunijii, halafu sikusema kitu. Daktari alihama na reli yake. Mimi nikapata duka lililoviuza, na baadaye nikajua kwamba vile vidonge ni ndugu wa tumbo moja na afyuni, ile iliyowamaliza watu wazima pwani tukiwacheka.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mchana simezi, nimefunga, nameza daku na nameza futari. Ikifika alasiri, nipo safu ya kwanza msikitini, machozi yananitiririka, kamasi nafuta kwa ncha ya kilemba, mwili unasisimka katikati ya joto. Maalimu anasoma, na watu wananinyooshea kidole, wanasema tazameni Bushiri anavyomcha Mola wake. Mzee mmoja alinishika mkono akaniomba nimwombee dua, kwa kuwa macho yanayolia namna ile hayakosi kusikilizwa. Kumbe ni mwili tu unadai ulichonyimwa tangu alfajiri. Nami nikamwombea, wanangu. Nikainua mikono nikamwombea.

Mama yenu Mwanne, Mungu amrehemu, hakudanganyika. Jioni moja adhana ya magharibi ilipotoka aliuona mkono wangu unakwenda kwenye chupa kabla ya kwenda kwenye tende. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Amiri, hivi umefunga kwa ajili ya nani?" Iddi ilipopita akamwita Methusela, tuliyekuwa tukinunua samli na ngozi kwake, akanikabidhi kwake kama mzigo. Hakunikabidhi kwa ndugu zangu wa mjini. Alijua wangenihurumia, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Methusela hakuwa na dawa. Msije siku moja mkauziwa mzizi wa kuondoa jambo hili. Alichokuwa nacho ni tembe lake, na ndani ya tembe kile chumba ambamo Wagogo huwalaza ndama mbali na mama zao ili wasimalize maziwa ya asubuhi. Akanitia humo, akaegesha gogo mlangoni kwa nje. Akaniambia nisimwombe kitu, maana hatajibu, na kila alfajiri mavi ya ndama niyazoe mimi. Nilipomwambia siwezi kusimama alisema, "Tambaa, Bushiri. Ndama hawakumeza vidonge." Nilitapika mpaka nyongo, tumbo likaniendesha, baridi na joto vikapokezana, mifupa ikawaka, na usingizi ukanihama kabisa. Nje ng'ombe walilia wakiwataka ndama wao, ndama wakaitika, na mimi katikati yao nikalia nikitaka changu. Nilimtukana Methusela mama yake na dini yake. Yeye akaweka uji wa uwele na maziwa ya mgando karibu na mlango, akaondoka.

Nikampenyezea maneno mchunga ng'ombe mmoja kwenye tundu la ukuta, aje awaambie kuwa nimefungwa na Mgogo ananiua. Nanyi mkaamini, nani asingeamini? Amiri, ulikuja na vijana na marungu, hukuuliza, ukampiga Methusela mdomoni, na jino lililotoka siku ile halijaota. Mlipoondoa gogo mlinikuta nimelala. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza tangu niingie, na nilipoamka nikasema siondoki. Ukarudi mjini umekasirika kwa kuwa umeaibika, na mpaka leo hujamwambia mtu huyu neno la samahani. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nyamaza, Arafa. Najua unataka kusema maskini kaka ana mkono mbovu na baba anamsuta kwa mambo ya zamani. Huo mkono ndio ninaoujia.

Behewa lilipomsaga Amiri vidole pale stesheni alipelekwa kwa daktari, vikakatwa vilivyokufa, akapewa vidonge. Mimi nikamwuliza ni vya namna gani, akaniambia ni vya homa. Kidonda kilikauka siku nyingi. Vidonge havikukauka. Sasa tangu nilale hapa, kila anayekuja kunijulia hali anatoka akisema, ama kweli Amiri ana mapenzi na baba yake, tazama anavyolia. Arafa, wewe pia umesema hivyo, nilikusikia. Mwanangu, mimi nilishasifiwa kwa machozi ya namna hiyo. Mtazame vizuri. Jua linapasua mawe na yeye amejitanda shuka. Tazama vinyweleo vya mkono wake vilivyosimama. Tazama miayo, na pua, na goti lisilotulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tumekikalisha karibu ya kitanda tukakiita mapenzi.

Tulia, Amiri, sijamaliza.

Arafa, ulininunulia chupa ya vidonge hivyo kwa siri, kwa huruma yako, ukiona uvimbe huu wa tumboni unaninyima pumzi. Ukaniletea nikakataa, ukaificha kwenye kasha la nguo ukitumaini nitabadili nia. Sikumeza hata kimoja, na chupa ikafika nusu, nawe ukadhani vimemwagika. Juzi nikamwambia Halfani aniletee, nikailalia. Iko chini ya mto huu. Na tangu juzi, Amiri, umekuja mara nyingi mno kunitengenezea mto.

Usiinamishe kichwa. Sikuiti mwizi. Mwizi huchagua wa kumwibia, na wewe huchagui tena. Ndilo linaloniogopesha. Nilikuwa nimefumba macho ulipoingiza vidole chini ya shingo yangu, na nilisikia pumzi yako, na nikajua kwamba kama ningekuwa nimekwisha kufa ungenigeuza upande kwanza, kisha ndipo ungewaita wenzako. Nakwambia hivi bila hasira, kwa sababu mimi pia ningefanya hivyo hivyo.

Arafa, tia mkono hapa. Taratibu, mama, tumbo. Hiyo hapo. Nenda nayo chooni ukaitupe shimoni, chupa na vilivyomo, na Halfani ufuatane naye ukashuhudie kwa macho yako. Usinitazame hivyo. Najua jioni ya leo maumivu yangu yatakuwaje, nayajua kuliko ninyi nyote, na jana nusura niifungue mwenyewe. Lakini siwezi kufa kwa raha juu ya shingo ya mwanangu. Nenda.

Mmerudi. Vizuri.

Sasa ndilo neno langu, na Halfani ulishike kama lilivyo. Amiri ataondoka na Methusela leo, sasa hivi, kwa nguo alizovaa, aende Haneti kwenye chumba cha ndama. Punda wamekwisha kutandikwa, wako nyuma ya ukuta. Nilimwuliza Methusela kama atampokea mtu aliyemtoa jino. Akaniuliza, "Anajua kuzoa mavi?" Nikamjibu hajui, atajifunza.

Umesema nini, Amiri? Sema kwa sauti, wenzako wasikie. Unasema utakwenda ukishanizika.

Hapana, mwanangu. Usinizike.

Najua ninachokisema. Najua kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayeshuka kaburini kumpokea baba yake, na najua nilimpokea wangu, na mkono ule haujasahau uzito wake. Nilitamani uwe wewe. Nimelitamani jambo hilo tangu ulipozaliwa. Lakini ukingoja kunizika utangoja na matanga, na siku ya msiba haikosi mtu mwema wa kumtafutia mfiwa kitu cha kumtuliza. Wote watasema mwacheni, amefiwa. Likiisha tanga itakuja hitima, ikiisha hitima utagawiwa fungu lako, na duka halijahama. Nitakuwa nimekuachia kila kitu cha kufia. Kaburi langu litapata watu wengi tu wa kulifukia, na kule Haneti hapana mtu wa kukaa badala yako.

Halfani, utashuka wewe. Unilaze vizuri, nilalie ubavu wa kulia, na watu wakianza kunong'ona kwamba mtoto gani huyu asiyemzika baba yake, simama palepale kando ya shimo, kabla ya udongo, uwaambie baba yake ndiye aliyemtuma safari. Na sababu uwaambie pia. Msiwadanganye ili kunisitiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki mtoto wangu asitiriwe mpaka afe. Fungu lake likae kwako mpaka Methusela mwenyewe amlete. Akija peke yake, akija analia, akija na mashahidi, akikuapia kwa jina langu, usimpe.

Ngojeni. Nipeni maji. Yanatosha.

Amiri, halitakuua jambo hilo, ila utatamani likuue. Utamtukana mzee huyu, na yeye amekwisha kukusamehe matusi ambayo hujayatoa, sijui kwa nini, labda ndiyo dini yake. Jino mwombe radhi sasa, ungali na akili yako. Mwombe hapo hapo, nisikie. Ndiyo. Ndiyo, baba. Methusela, ndugu yangu, umesikia. Kama akiniita usiku, usimwambie kama nimekufa au sijafa. Mwache awe na baba mpaka ajue kulala.

Arafa, Mungu akupe watoto wenye moyo kama wako na macho makali kuliko yako. Usijilaumu kwa chupa. Halfani, Mungu akufungulie milango. Methusela, Mola anayetujua sisi sote akulipe, mimi sina cha kukulipa. Amiri, inama. Inama zaidi, mkono haufiki. Nakubariki kwa kila nilichokula kihalali, kwa kila rakaa niliyoisali nikiwa mzima, na jasho la mama yako lisimame mbele yako. Nimekuridhia. Umesikia? Hata ukishindwa nimekuridhia, lakini usishindwe.

Maumivu yanaanza kunijia sasa. Mnishike miguu. Arafa, anza Yasini, usiisome haraka.

Nenda, baba. Nenda kabla sijabadili neno. Nikikuita, usirudi. Methusela, mtoe. Mshike mkono ule mzima, umtoe.

Haya.

Someni. Mbona mmenyamaza, someni. Fungueni mlango kidogo, nisikie kwato... nisikie kama wameondoka.

Amiri.

Amiri, njoo kidogo. Uko wapi, baba?