Madaftari Saba ya Maman Eulalie M'Cirhuza (1951–2003)

Mapadri na masista, majirani wetu wa Kasha, na ninyi mliopanda asubuhi hii kutoka Nyangezi na Miti: mimi ni Grégoire, mdogo wa marehemu. Familia imeniomba nisome maisha ya yaya wangu, dada yangu mkubwa. Nitayasoma kama alivyoniagiza mwenyewe, pamoja na yale ambayo wengine waliniomba jana niyaruke.

Eulalie M'Cirhuza alizaliwa Nyangezi tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Apollinaire Cirhuza, muashi wa misioni, na wa Maman Domitille, mkulima, ambaye ameketi hapa karibu na jeneza. Tulizaliwa sita, na sisi watano tuliomfuata sote tulibebwa mgongoni mwake.

Alisoma shule ya msingi kwa masista pale Nyangezi, kisha sekondari hapa Bukavu, akapata diploma mwaka 1970. Mwaka uliofuata alikwenda Kinshasa kujifunza kazi ya radio, yaani kupiga picha za ndani ya mwili. Walikuwa wanafunzi kumi na tisa, na wasichana wawili tu. Katika barua yake ya kwanza alimwandikia baba: "Papa, kumbe kuna mwanga ambao jicho halioni, na unapita ndani ya mtu na kutuletea habari zake." Baba alijibu kwamba kama mwanga huo unapita hata ukutani, basi waashi watakosa kazi. Barua ile aliitunza mpaka ilipochanika kwenye mikunjo. Cheti chake cha 1974 hakina jina la Eulalie, kwa sababu miaka ile serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, lakini nyumbani na kanisani hatukumwita vingine.

Mwezi Oktoba 1974 aliajiriwa katika hospitali moja ya mji huu. Familia imeamua kutochapa jina la hospitali hiyo. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na tisa, karibu yote kwa mashine ileile. Kuran, yaani umeme, ilikuwa ikipanda na kushuka, akakwenda shule moja ya sekondari kuazima chombo cha kupimia volti. Mwalimu wa fizikia aliyemwazima ni Papa Jacques Bahati. Papa Jacques husema alikwenda kukidai mara sita, na mara ya saba akasahau alichofuata. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, na Mungu akawapa watoto watatu: Nathanaël, Larissa na Joviale.

Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, hospitali iliporwa. Mashine ilibaki kwa sababu ya uzito wake. Filme nyingi za kupigia picha zilichukuliwa. Kulikuwa pia na tabulie ya risasi, lile vazi zito linalomkinga mfanyakazi na mionzi. Askari mmoja aliondoka ameivaa, akifikiri inazuia risasi za bunduki. Marehemu aliandika barua kuomba nyingine mwaka 1997, mwaka 1998 na mwaka 1999. Nakala za barua hizo tunazo nyumbani.

Vita vya pili vilipoanza, Agosti 1998, watu walikimbia vijiji na kujazana mjini. Watoto walikohoa. Mtoto mdogo hajui kutema makohozi ya kupimwa, kwa hiyo kifua kikuu chake hujificha, na wengi walizikwa bila mtu kujua walikufa kwa nini. Picha ingeweza kuonyesha, lakini kwa kuran ile picha moja ilitoka nyeusi kama makaa, nyingine nyeupe kama unga. Kila picha iliyoharibika ilikula filme, na mtoto alipigwa mionzi bure.

Hapo ndipo Maman Eulalie alipoanza kazi ambayo ni yake. Alifunika filme kwa bamba la risasi, sehemu baada ya sehemu, filme moja ikatosha picha nne za watoto. Kabla ya kila picha alipima volti na unene wa kifua, akaandika ni muda gani wa mionzi ulitoa picha safi. Hakutaka kujaribia juu ya watoto. Alikwenda soko la Kadutu akanunua mbavu za mbuzi, akaziweka katika beseni la maji, kwa maana mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Mahali pa mapafu aliweka sponji kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na kati yake maharagwe yaliyolowekwa, yawe kama zile tezi zinazovimba kifuani mtoto akishikwa na kifua kikuu. Kisha alipiga picha za mbele na za ubavuni mpaka maharagwe yakaonekana.

Muuza nyama alipopata habari alimfuata hospitalini mwenyewe, ana hasira.

"Maman, nyama yangu iko na magonjwa gani, mpaka unaipigisha radio?"

"Iko muzima, papa. Njo maana nilichagua yako."

Tangu siku hiyo alimwekea mbavu nzuri, na kuwatangazia wateja wengine kwamba nyama yake imepimwa hospitalini.

Picha ya ubavuni, kwa muda aliouhesabu yeye, ilionyesha tezi nyuma ya moyo ambazo picha ya mbele ilizificha. Toka Januari 1999 hadi Septemba 2000 alipiga watoto mia sita thelathini na wanane, akaandika kila mmoja katika madaftari saba ya shule: volti, unene, muda, alichokiona, dawa aliyopewa, na kama alipona. Papa Jacques alikagua hesabu jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi wake. Maman Rosette wa Miti, aliyesimama pale, alikuwa amezika watoto wawili kwa kikohozi. Wa tatu, Yolande, ni namba 87 katika daftari la kwanza. Ndiye huyo amemshika mkono.

Watoto waliogopa mashine, ikabidi mtu awashike. Maman Eulalie aliwashika mwenyewe, bila tabulie. Wafanyakazi vijana walipotaka kumpokea aliwafukuza: "Mutoke. Ninyi hamuyazaa. Mimi nimeshazaa."

Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike.

Mwaka 1997 daktari kijana, Ignace, alianza kazi katika hospitali hiyo. Hakujua kusoma picha vizuri, na Maman Eulalie alimfundisha, saa za mchana, mwaka mzima. Alikula kwetu kila Jumapili. Joviale alimwita tonton, yaani mjomba. Septemba 2000 alipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, akaja nyumbani kuaga. Alimwambia marehemu: "Maman, kazi hii haiwezi kufia mu kabati. Unipatie madaftari. Nitaichapisha kule, na majina yetu yote mbili, yako mbele."

Marehemu alisita. Alitaka kwanza kuyanakili, na karatasi ilikuwa haba. Ndugu zangu, mtu aliyemsukuma ni mimi. Nilimwambia, "Yaya, huyu ni mutoto wa nyumba. Ukimukatalia yeye, utamupa nani?" Nami mwenyewe niliyafunga madaftari kwa kitambaa cha meza na kuyapeleka kwa Ignace, mtaa wa Nguba. Aliyapokea kwa mikono miwili.

Barua zilikuja mbili, kisha zikakoma.

Mwezi Machi 2002 Sista Colette wa hospitalini alirudi kutoka likizo akiwa na nakala ya jarida la wataalamu. Alidhani analeta habari njema. Makala yalikuwa na jina moja tu, la Ignace. Jedwali lilikuwa lake marehemu, namba kwa namba. Beseni lilikuwemo, mbavu za mbuzi zilikuwemo, maharagwe yalikuwemo. Mtoto namba 211, ambaye marehemu aliandika kwa makosa unene wa sentimita 31 badala ya 13, naye alichapwa na sentimita zake 31. Mwishoni kulikuwa na mstari wa shukrani kwa "wafanyakazi wa pale."

Nilikuwepo. Marehemu aliyasoma amesimama mlangoni mwa chumba cha radio. Alirudi ukurasa wa kwanza, akaenda tena wa mwisho, akatafuta katikati. Kisha aliniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Grégoire, wewe unaona jina yangu fasi fulani?"

Nilisema sioni. Alikunja karatasi, akaingia ndani, kulikuwa na mtoto anangoja.

Alimwandikia Ignace. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, mistari sita, likisema kwamba mambo ya majina huko yana sheria zake, na kwamba yeye kama maman angepaswa kufurahia mafanikio ya mtoto. Kuhusu madaftari, hakusema neno. Marehemu alikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali. Mkurugenzi alimsikiliza, akamwambia: "Maman Eulalie, yule kijana atatuletea mashine mpya. Tukianza kelele, hatapita tena hapa. Ufikirie wagonjwa." Mtu aliyefikiria wagonjwa miaka ishirini na minane aliambiwa hivyo. Wenzake waliokuwa wameona beseni kwa macho yao walianza kusema hawakumbuki vizuri. Wawili kati yao nawaona hapa, na nawashukuru kwa kuja.

Mashine ilifika kweli, Juni 2003, pamoja na tabulie tatu mpya na wageni wanne kutoka Ulaya. Ignace aliwaongoza. Marehemu aliitwa awaonyeshe chumba. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimwangalia anavyoweka kifua cha mtoto ubavuni bila kubahatisha, akauliza kwa Kifaransa alijifunzia wapi.

Ignace alijibu kabla yake: "Ni mimi nilimfundisha."

Marehemu aliacha kazi iliyokuwa mikononi mwake. Alimwambia kwa Kiswahili, bila kupaza sauti: "Ignace, mwanangu, sema vile ilikuwa."

Ignace aliangalia saa yake, akawaambia wageni kwamba maman anawakaribisha, na kwamba chakula kiko tayari. Wakatoka. Mama yule mgeni aligeuka mara moja mlangoni, kama mtu aliyesikia kitu asichokielewa, kisha naye akatoka.

Yaya hakulia mbele yetu, si siku ile wala baadaye. Lakini aliacha kuandika. Alipiga picha, alishika watoto, alirudi nyumbani. Papa Jacques alimnunulia daftari jipya, akaliweka juu ya meza. Lilikaa pale mpaka Joviale akalichukua kwa masomo yake.

Mwezi Julai mwaka huu, wakati redio zilipokuwa zikitangaza kwamba vita vimekwisha, alianza kuchoka na kutoka madoa mwilini. Ufizi wake ulitoa damu. Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Daktari aliyemtibu, Daktari Sophie, mwanamke mwaminifu, alituambia kwamba hakuna anayeweza kuapa kwamba ni mionzi, lakini hakuna pia anayeweza kuapa kwamba siyo. Marehemu mwenyewe alipoulizwa alisema, "Mimi nilijua hesabu." Aliwekewa damu mara tisa. Nathanaël alitoa, Larissa alitoa, muuza nyama wa Kadutu alitoa. Ignace alikuwa mjini wiki tatu nzima za Septemba. Hakukanyaga nyumbani.

Siku kumi kabla ya kufariki aliniita, tukiwa pamoja na Papa Jacques. Alijua atakayesoma ni mimi.

"Utaandika nilifanya kazi gani," aliniambia. "Na ya Ignace utaandika pia."

Nilimwambia, "Yaya, padri alisema umemusamehe."

"Kwa Mungu nimemusamehe. Kwa karatasi, apana. Karatasi inabaki."

Nikamwomba msamaha wangu, kwa ajili ya kitambaa kile cha meza. Alisema, "Wewe ulimuamini sawa mimi," akafumba macho. Sijui kama huo ndio msamaha. Nimeupokea hivyo.

Maman Eulalie M'Cirhuza alifariki hapa Kasha, nyumbani kwake, Jumapili tarehe 9 Novemba 2003, saa nne ya asubuhi, watu wakitoka misa ya kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Jana Ignace alituma mtu kuomba dakika tano za kuzungumza leo kama mwanafunzi wa marehemu, na kuleta shada la maua. Shada tumelipokea, liko pale nyuma. Tulimjibu kwamba dakika tano atapewa siku atakapoleta madaftari. Hakuleta. Kwa hiyo hatazungumza.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Maman Domitille, mume wake, Papa Jacques Bahati, watoto wake Nathanaël, Larissa na Joviale, mjukuu mmoja, wadogo zake watano, na watoto mia sita thelathini na wanane ambao hatuna tena orodha ya majina yao. Kama wewe au mwanao alipigwa radio na Maman Eulalie miaka ile, tunakuomba, baada ya mazishi, upite kwenye meza ya Larissa pale karibu na lango, useme jina na mwaka. Ataandika. Yolande wa Miti ameshaandikwa, ni wa kwanza.

Apumzike kwa amani ya Mungu, maana amani ya watu hakuipata.