Adelfina Kankindi, Fundi Asiyebakiza Kitambaa (1961–2025)

Waombolezaji wapendwa, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Bukiriro, wilayani Ngara, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gaspari na Mama Nyirabahizi, wakulima wa migomba na kahawa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Kwao walikuwa mabinti watano, na kitambaa kilinunuliwa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya kahawa. Mwaka mmoja kilikuja kidogo, mama yao akasema wawili wangesubiri. Adelfina, akiwa na miaka tisa, alipiga magoti juu ya kile kitambaa, akapanga migongo na mikono ya dada zake kama mtu anayepanga magunia ghalani. Noeli hiyo wote watano walikwenda Misa na magauni mapya.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Bukiriro kuanzia 1969 hadi 1975. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia siku mbili, ya tatu akaenda kuomba nafasi katika darasa la ushonaji la masista. Huko walifundishwa kukata kwa karatasi za vipimo, kisha kufagia mabaki jioni. Kufagia ndiko kulikomkera. Alimwambia sista mwalimu kwamba kinachofagiwa ni mkono wa gauni la mtoto, na kwa ujuaji huo akapewa adhabu ya kufagia wiki nzima. Alifagia kwa furaha, mabaki yote akayashona blauzi, akamvika mdogo wake. Alipata cheti mwaka 1978.

Tarehe 8 Mei 1982 alifunga ndoa na Bwana Frednand, wakahamia Nyantakara, wilayani Biharamulo, kufungua shamba. Wazazi walipomuuliza anataka kabati au kitanda, aliomba cherehani. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza Joan, na wote walijua kwamba meza ya sebuleni si ya kulia chakula mpaka fundi ameruhusu.

Kazi yake ilikuwa na mtindo wake. Hakutia mkasi kabla ya kuchora kitambaa chote kwa chaki, pindo kwa pindo. Kiwiliwili kilikuwa cha mraba, mikono ilitoka kandokando, pembetatu za ubavuni zilikwenda kupanua sketi, na duara la shingo likawa mfuko. Hakikubaki hata cha kufutia taa.

Na hicho ndicho kilichomponza. Kwetu mteja akifuata nguo hukabidhiwa na vipande vyake, avione kwa macho. Fundi asiyerudisha vipande, watu humtazama vibaya. Agosti 2011, Bi Kwandu, jirani yake, alileta kitenge cha yadi sita, ashonewe binti yake gauni la sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Gauni lilipendeza. Kwandu akaulizia vipande, akaambiwa hakuna. Kufikia siku ya mnada, Nyantakara nzima ilijua kwamba Mama Joan anakula vitambaa vya watu. Lisemwalo lipo, walisema, na vitambaa vyao wakavipeleka kwa mafundi wa kijiji cha Kaniha. Cherehani ilifunikwa shuka miezi minne.

Mumewe, mpenda amani, alishauri wamnunulie Kwandu kitenge kingine yaishe. Adelfina alikataa.

“Nikilipa nitakuwa nimekiri,” alisema. “Na wanangu wataitwa watoto wa mwizi.”

Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shibuda, akaomba aitishe watu na Kwandu aje na gauni. Siku hiyo alifika uwanjani na wembe na mkeka. Akakaa chini, akaanza kufumua, uzi baada ya uzi, hadi jua likafika utosini. Watu walidhani amechanganyikiwa. Kisha akaanza kupanga: mgongo, mbele, mikono, mshipi, pembetatu moja moja. Kuku waliochorwa kwenye kitenge wakaanza kupata vichwa vyao na mikia yao. Likabaki tundu moja, la ukubwa wa sahani. Kwandu akalinyooshea kidole, na watu wakaguna. Adelfina akageuza mshipi. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa simu ambao mwenye gauni hakuwahi kuuona. Akaufumua, akauweka mahali pake.

Mzee Shibuda alipima mwenyewe. Yadi sita, bila pungufu ya kidole. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: uwanja mzima ulisimama.

Kwandu alikuwa akilia. “Mama Joan, nisamehe. Sasa gauni la mwanangu nani atalishona tena?”

“Mimi,” alijibu. “Na wewe utakaa pembeni yangu uone linavyokatwa.”

Kwandu alikaa pembeni yake karibu miaka kumi na minne. Wakaja wengine, kutoka Kaniha hadi kwao Bukiriro, wanawake hamsini na watatu kwa hesabu yake, na leo wanashona majumbani mwao bila kufagia kitu.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Biharamulo, kisha Mwanza. Alivumilia bila manung’uniko, ila alilalamikia mashuka ya wodini kwamba yalikatwa hovyo. Alirudishwa nyumbani kwa ombi lake, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka sitini na minne. Aliyekuwa amemshika mkono ni Kwandu.

Marehemu ameacha mume, Frednand. Watoto wanne, Joan, Juvenali, Anastela na Deogratias. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada zake watatu wa Bukiriro. Orodha hii ilipokuwa ikiandikwa, Bi Kwandu alikuja akaomba kwa heshima kama jina lake laweza kusomwa na ya ndugu. Familia haikuhitaji kikao. Ameacha pia dada yake, Kwandu.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwake. Amina.