Matundu Manne Sebuleni kwa Mzee Likwata

Benchi letu liko Kilwa Masoko, ng'ambo ya barabara ukitokea stendi, chini ya bati ambalo Yassin alilipigilia mwenyewe ili mvua isimzimie jiko la kahawa. Ni ubao mrefu wa mninga uliokuwa mlango wa ghala la ufuta, na komeo lake bado lipo pale katikati, kwa hiyo kila mgeni akikaa anainuka upesi akijishika nyuma. Sisi wenyeji tunalijua. Asubuhi hiyo tulikuwa watano ukimhesabu Yassin na birika lake. Alikuwepo Fundi Jerome, anayechomelea milango na madirisha. Alikuwepo Pazi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Alikuwepo Hussen wa bodaboda, jina lake Ambulansi, ingawa mgonjwa wa mwisho aliyempakia alifika hospitali na ugonjwa wa pili. Na mimi, Mwalimu, mstaafu. Wa sita ni Mzee Likwata, alikaa mwisho wa benchi na kikombe ambacho hakukigusa.

Bunduki yake ya kufukuzia nguruwe kwenye shamba la ufuta ilikuwa imepotea, tena imepotea pamoja na sefu lake zima. Tangu siku ya mazishi ya mkewe, Bi Sauda, alipochukuliwa moja kwa moja kutoka makaburini, mzee alikuwa Lindi kwa binti yake. Juzi amerudi kuandaa arobaini, akafungua mlango, akakuta sebuleni matundu manne kwenye saruji na hakuna sefu. Polisi alikuwa hajaenda. Ukiwa na kibali cha silaha na silaha haipo, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Akaja kwetu tumsaidie kufikiri ataeleza nini. Mzee wa watu, katika Kilwa nzima akatuchagua sisi.

— Hilo sefu nimelitengeneza mimi, alisema Fundi Jerome. Bati la milimita sita. Bolti nne nimezikaza mpaka ndani ya zege. Askari aliyekuja kukagua alilipiga teke mbele yangu, akaondoka anachechemea.

— Ndiyo maana nasema si wezi wa hapa, alisema Redio. Wezi wa hapa wanaiba kuku na sufuria. Hawa wamekuja na sumaku.

— Sumaku gani?

— Zile za bandari kubwa, za kunyanyulia vyuma. Unaileta juu ya paa, unawasha, sefu linapanda lenyewe.

— Na bati la paa? aliuliza Yassin.

— Bati linajikunja kidogo, likishapita linarudi.

— Nyumba ya mzee ni ya makuti, Redio.

— Basi wala hawakupata shida.

Hussen akatema ganda la karanga.

— Oya, wazee, nyie mko nyuma. Kuna jamaa wa Dar wana mtambo wa kusoma chuma. Wanapita na bajaji mdogomdogo, mtambo ukilia wanaandika namba ya nyumba, usiku wanarudi na gari. Noma kweli.

— Nyumba yangu haina namba, alisema Mzee Likwata. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu atueleze shida yake.

— Basi wanaandika rangi, babu.

— Haina rangi.

Hussen akamenya karanga nyingine.

— Hiyo ndiyo imewarahisishia.

Tukahamia kwenye ushauri, maana benchi letu likishindwa kueleza jambo linaanza kufundisha. Fundi Jerome alisema kosa lilikuwa kuliweka sefu juu ya sakafu. Lilitakiwa lichimbiwe mita moja chini, limwagiwe zege pande zote, ubaki mfuniko tu. Redio akaongeza kwamba juu ya mfuniko ungewekwa mzinga wa nyuki.

— Na mwenyewe akiitaka bunduki yake? aliuliza Yassin.

— Anavaa koti la mvua.

— Nguruwe wako shambani wanakula ufuta, yeye yuko sebuleni anavaa koti la mvua.

— Usalama una gharama zake, Yassin.

— Mimi ningefunga kamera, alisema Hussen. Mwizi akiingia tu unamuona kwenye simu, hata uko Lindi.

Mzee Likwata akatoa simu yake mfukoni akaitazama. Ni ile ya tochi, imefungwa mpira kuzuia betri isidondoke. Akairudisha.

Sasa niseme, maana nikiendelea hivi nitakuwa mwongo kama wenzangu. Sisi wanne tulijua matundu yale yametokea wapi. Kila mtu anajua msiba wa huku unavyokuwa. Mtu akifa, kabla hata maji ya kuosha hayajapata moto, vijana na majirani wanaingia ndani wanatoa makochi, meza, kabati, kitanda, vyote nje, yanatandikwa majamvi, wanawake wanakaa chini. Siku ya Bi Sauda ndugu zake walikuja kutoka Songo Mnara kwa boti mbili, na sebule ya mzee ni ndogo. Sefu lilikuwa pale ukutani, Bi Sauda alilifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, ukiingia unadhani ni meza ya maua. Shangazi yake akaambiwa ni kitu gani. Akasema hawezi kumlilia mtoto wake akiwa ameegemea bunduki. Fundi akaenda kuleta spana. Alipomaliza tukalibeba, Fundi na Redio mbele, Hussen na mimi nyuma. Nilishika kona ya kushoto, ikanichuna kidole. Mzee alikuwa chumbani na maiti, hakuona.

Hiyo ndiyo sumaku yenyewe. Na asubuhi yote hiyo nilikunywa kahawa nikisikiliza habari za bajaji zinazosoma chuma, kwa sababu nilimwogopa yule mzee, na niliona haya.

Wakati huo kulikuwa na mgeni. Dada mmoja mwenye begi kubwa alikuwa ametuamkia, shikamooni wazee, tukamwitikia, akakaa juu ya komeo, akainuka, akasogea upande. Alisema anaitwa Yustina, nesi, ametokea Nachingwea, amehamishiwa hapa na anamsubiri mwenyeji wake aje kumchukua. Yassin akampa kahawa. Redio, kwa kuwa amepata msikilizaji mpya, akaongeza sauti.

— Halafu kuna wale wataalamu wa kutoa kitu bila kukikata. Dada, unaona matundu, saruji haijapasuka, chuma hakijakatwa. Kitu kimetoka kwa maneno tu. Yupo mmoja kule bara alitoa injini kwenye lori linatembea.

— Lori likaendelea kutembea? aliuliza Yustina.

— Mpaka kwenye mlima.

Mzee Likwata akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa kikombe cha plastiki, cha bluu, akakiweka juu ya ubao katikati yetu. Ndani mlikuwa na bolti nne.

— Nimevikuta dirishani, alisema. Kikombe ni cha Sauda. Shika, Fundi.

Fundi Jerome hakushika.

— Zimepakwa grisi, mzee akaendelea. Kila moja. Mimi mzee wa shamba, mambo ya vyuma siyajui. Nifundishe wewe. Mwizi gani anafungua bolti, anazipaka grisi zisipate kutu, anaziweka kwenye kikombe zisipotee?

Barabarani lilipita basi la Lindi, likapiga honi, Hussen akaligeukia kama vile lina abiria wake.

— Ni mimi, mzee wangu, alisema Fundi Jerome. Ile siku ya msiba. Kina mama hawakuwa na pa kukaa. Nilitaka nikilirudisha zisinisumbue.

— Ulilibeba peke yako?

Fundi akafuta viganja kwenye suruali. Mtu mzuri Jerome, hata hapo hakututaja.

— Tulikuwa wanne, nikasema.

Mzee Likwata akatutazama mmoja mmoja. Nilitamani agombe. Hakugomba.

— Mkaliweka wapi?

— Nyuma, kwenye banda la jiko, alisema Redio, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Pamoja na makochi.

— Makochi nimeyakuta ndani.

— Makochi niliyarudisha mimi. Siku ya tatu, baada ya hitma.

— Kabati la vyombo nililirudisha mimi, nikasema.

— Mimi nilikuwa nawarudisha wageni gatini, alisema Hussen. Safari saba, babu. Nilijua Fundi atalimaliza.

— Spana ni yangu, lakini sefu halibebwi na mtu mmoja, alisema Fundi Jerome. Nilikuwa nangoja mniite. Nilipoona kimya nikajua mmempa mjumbe wa mtaa alihifadhi mpaka mzee arudi.

— Mjumbe hajapewa kitu, alisema Mzee Likwata. Nimemuuliza.

— Na lilikuwepo siku ya tatu? aliuliza Yassin. Ulipochukua makochi, Redio, uliliona?

Redio akafungua mdomo. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumuona akiufungua bila kutoka neno.

— Sikumbuki kuliona, alisema mwishowe. Nilidhani wenzangu wameshalirudisha ndani.

Hussen akaanza kututetea. Alisema mtu asitulaumu, siku ile tulimheshimu marehemu. Yeye mwenyewe alilipokea jeneza mlangoni na bega lake halikutoka mpaka makaburini. Redio akapata nguvu, akasema yeye alishuka kaburini, mikono yake hii ndiyo iliyompokea Bi Sauda. Fundi akasema ingawa yeye ni Mkristo alichimba kaburi mpaka likaisha na hakukosa hata koleo moja la udongo. Mimi nikasema nilisimama karibu na imamu. Yassin akasema alizima jiko, kitu ambacho huwa hafanyi hata siku ya sikukuu, akaenda. Masoko nzima ilikwenda. Maduka yalifungwa. Hapakuwa na mwanamume aliyebaki nyuma, na angebaki tungemsema mpaka leo. Tulikuwa tunasema kweli tupu, na kila tulivyoisema ndivyo ilivyotupa moyo.

Yustina alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili.

— Samahani wazee wangu, alisema. Wakati wote mko makaburini, hilo sefu alibaki nalo nani?

Nilimwangalia Fundi, Fundi akaangalia kikombe cha bolti. Wanawake walikuwa ndani wanasoma, wamefunga mlango wa nyuma kwa ajili ya vumbi. Banda la jiko halina mlango. Kutoka pale mpaka njia ya nyuma ya nyumba ni hatua ishirini. Kulibeba wanahitajika watu wanne, kama sisi.

Redio alitikisa kichwa. Hussen alikuwa anasugua kioo cha pikipiki yake kwa kidole, mahali pale pale.

Mzee Likwata akavuta kamba iliyokuwa shingoni mwake, ndani ya kanzu. Ufunguo ulikuwa kwenye kamba.

— Siku zote nilizokaa Lindi, alisema, nikiamka nilikuwa naushika huu. Nasema, Sauda amekwenda, nyumba imefungwa, lakini hili moja alhamdulillahi liko salama. Nilikuwa naushika hata kwenye swala. Kumbe bunduki inatembea tangu siku ile ile. Sijui imeshaelekezwa kwa nani. Kila redio ikisema mtu kapigwa risasi mahali, nitauliza ni wapi, ni bunduki ya namna gani. Mpaka nife.

— Labda wamelitupa baharini, mzee, alisema Fundi Jerome. Labda wameshindwa kulifungua.

— Wewe ndiye uliyelitengeneza. Mtu mwenye grenda ya kukatia chuma linamchukua muda gani?

Fundi akahesabu kwa vidole pande za sefu.

— Nusu saa, alisema.

Mzee akakichukua kikombe, akakifunika kwa leso, akakitia mfukoni. Akasimama kwa kushika nguzo ya bati.

— Nakwenda kituoni. Nitaandika bolti nilizifungua mwenyewe.

— Hapana, mzee wangu, alisema Fundi. Mimi ndiye niliyezifungua.

— Mlikuwa mnamtandikia mke wangu. Nikiwataja watawaweka ndani wanne, na Jumamosi ni arobaini yake. Nani atabeba maji? Wanisikilize mimi, kibali kina jina langu.

— Nitakwenda na wewe, alisema Fundi Jerome.

— Haya.

Akasimama pale akingoja. Fundi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuinuka, na aliendelea kuyashika. Hussen alisema angempeleka, ila pikipiki haina mafuta. Niliiona asubuhi ikijazwa. Redio alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Mimi nilikuwa namwambia moyoni Mwalimu ainuke, ana watoto wakubwa, ana pensheni, atapoteza nini, na Mwalimu hakuinuka.

Mzee akasema basi, tutaonana. Yustina peke yake ndiye aliyemwambia pole. Kituo hakiko mbali, ukikaa kwenye benchi letu unaiona bendera yake. Tulimtazama anavyokwenda pembeni ya barabara, mkono mmoja juu ya mfuko wa koti ili kikombe kisimwagike, mpaka akaingia.

Yassin akainua birika akalitikisa.

— Imebaki ya mtu mmoja, alisema. Nimpe nani?

Hakuna aliyenyoosha kikombe.